Ziwa au msitu? Kulinda maji na kulinda ardhi kwa kikundi chenye uwezo mdogo

Likelemba yetu, kikundi cha kuchanga pesa na kupokeana kwa zamu, hapa Kadutu mjini Bukavu, ina kisanduku cha pembeni. Kila Jumapili, mwenye zamu akishapokea pesa zake, kila mmoja anaacha humo faranga mia tano. Ni pesa ya kazi za jamii. Mwaka juzi ilinunua mabati ya mjane mmoja, mwaka jana ikajenga ngazi za mawe za avenyu yetu, na mwaka huu vijana wameomba iende kwenye mazingira. Hapo ndipo mkutano ulipogawanyika. Upande mmoja unataka Ziwa Kivu: tusafishe ufuko, tuwasaidie wavuvi waache kuvua kwa vyandarua vya mbu, na waliosoma mbele kidogo wanataka hata tuchangie ulinzi wa bahari kule Muanda, kwenye pwani ya Kongo, kwa sababu maji yote mwisho wake ni bahari. Upande wa pili unataka msitu: miche, majiko bora, njia yoyote ya kupunguza makala, yaani mkaa wa kupikia, yanayoshuka kutoka pande za msitu wa Kahuzi.

Niliombwa niandike ulinganisho ili tusipige kura kwa kufuata aliyepaza sauti zaidi. Nimeuandika kwa ajili yetu, lakini vikundi kama hiki viko pia Goma, Uvira na Kalemie, na huenda swali lao ni hilihili. Nimeshika mambo yanayoweza kubadilisha uamuzi. Suala la hewa ya ukaa, kwa mfano, nalitaja mara moja tu: msitu wa mlimani unaihifadhi, mikoko ya pwani inaihifadhi pia ndani ya tope lake, na kule Gazi, Kenya, wanakijiji tangu 2013 wanapata pesa kwa kuitunza mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Pande zote mbili zina hoja hapo, basi tusonge.

Mpaka

Msitu unaweza kuuonyesha kwa kidole. Panda gari hadi Tshivanga, kilomita kama 30 kutoka mjini, utaona pale mashamba yanapokoma na giza la miti linapoanza. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi karibu kilomita za mraba 6,000, na mstari wake umo kwenye ramani. Mtu akiuvuka na shoka begani, nia yake inajulikana. Kwa ndugu zetu wa Goma mstari ni wa zamani zaidi: Virunga ilitangazwa mwaka 1925, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika.

Maji hayapokei mstari wa namna hiyo. Ziwa Kivu tunalo pamoja na Rwanda, na sambaza, samaki wadogo wanaovuliwa leo mbele ya kisiwa cha Idjwi, huenda wiki iliyopita walikuwa upande wa Kibuye. Tukipumzisha maji yetu huku wenzetu wanavua, au wao wakipumzisha huku sisi tunavua, kazi ya mmoja inaishia kwenye wavu wa mwingine.

Baharini mambo yanazidi hapo. Nchi ina haki juu ya samaki hadi maili 200 za baharini kutoka pwani yake. Baada ya hapo ni bahari kuu, karibu theluthi mbili ya bahari yote, na kwa muda mrefu hapakuwa na utaratibu wa pamoja wa kutenga hifadhi huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaofungua njia hiyo ulipitishwa Juni 2023. Weka 1925 kando ya 2023 uone jinsi maji yalivyochelewa kufikiriwa. Kufikia mwaka 2024 karibu asilimia 17 ya ardhi ya dunia, pamoja na mito na maziwa yake, ilikuwa chini ya hifadhi ya aina fulani, na bahari ilikuwa asilimia 8 hivi, ingawa mataifa yalikubaliana huko Montreal, Desemba 2022, kwamba pande zote zifike asilimia 30 ifikapo mwaka 2030.

Kwa kikundi cha watu ishirini na wanane, maana yake ni hii: kwenye ardhi unaweza kushika kipande kidogo, ukakilinda, na kikabaki kimelindwa. Kwenye maji, kipande chako kiko mikononi mwa jirani ambaye hujawahi kumwona.

Nani analipa

Ila mstari unaochoreka kirahisi unaweza kuchorwa juu ya watu. Sisi wa Bukavu tunalijua hili, hata kama hatupendi kulizungumza mkutanoni. Batwa waliishi ndani ya msitu wa Kahuzi kabla haujaitwa hifadhi. Katika miaka ya 1970 waliondolewa, hawakupewa ardhi nyingine, hawakulipwa fidia. Wengi wao hadi leo wanaishi pembezoni, Kabare na Kalehe, kwenye viwanja vya watu wengine, wakilima kwa kibarua. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hadharani uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka hamsini! Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuhamishwa sasa ni bibi.

Nimeweka jambo hili juu kabisa kwa sababu watu wa upande wa msitu katika kikundi chetu wanazungumza kama vile kulinda msitu ni kupanda miti na kufurahi. Si hivyo peke yake. Anayeingiza pesa kwenye ulinzi wa ardhi lazima aulize: ardhi hii ni ya nani, na nani alitolewa ili ionekane tupu?

Walinzi nao wanalipa. Virunga imepoteza walinzi zaidi ya 200 tangu ianzishwe. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, 12 waliuawa kwa siku moja pamoja na raia waliokuwa hapo. Hakuna hifadhi ya bahari katika Afrika Mashariki ninayoijua ambayo imezika vijana wake kiasi hicho.

Kwenye maji mifano mizuri inaanzia kwingine. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe waliona nyavu zinarudi nyepesi mwaka hadi mwaka. Walikaa, wakabishana, na katikati ya miaka ya 2000 wakakubaliana kufunga kipande cha bahari cha hekta kama 30. Walikiita tengefu. Hapakuwa na uzio wala bunduki. Mlinzi wa mvuvi alikuwa mvuvi mwenzake. Samaki walirudi ndani ya tengefu, kisha wakaanza kutoka nje yake, pale wanapoweza kuvuliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sisemi bahari haina ukatili. Pwani ya Tanzania ilipigwa baruti kwa miaka mingi, na mwamba wa matumbawe uliopigwa baruti unageuka kifusi. Ninachosema ni kwamba maji, kwa kuwa hayazungushiki uzio, yanakulazimisha uanze na makubaliano. Ardhi inazungushika, kwa hiyo wenye nguvu wanashawishika kuanza na uzio, na mazungumzo yanakuja baadaye, au hayaji.

Muda

Hapa maji yanashinda waziwazi.

Sokwe jike wa milimani huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 10. Kisha hupata mtoto mmoja kila miaka minne hivi, na wengi hufa wachanga. Kwenye milima ya Virunga, tunayoshiriki na Rwanda na Uganda, walihesabiwa 254 mwaka 1981. Hesabu ya 2015 na 2016 ilitoa 604. Ni ushindi wa kweli, na Novemba 2018 spishi hiyo ndogo ilishushwa ngazi moja katika orodha ya viumbe walio hatarini. Lakini hesabu mwenyewe: miaka 35, nchi tatu, madaktari wa wanyama, walinzi waliokufa, ili kupata sokwe 350 wa ziada.

Sokwe wetu wa Kahuzi, aina ya Grauer ambayo haipatikani nje ya Kongo, anatufundisha kinyume chake. Katika sehemu ya milimani ya hifadhi, idadi yao ilipungua kwa karibu nusu kati ya 1996 na 2000, wakati wa vita. Ndovu wa sehemu hiyo karibu waishe kabisa. Miaka minne ya kubomoa, na hadi leo tunajenga upya.

Sambaza ni mwendo mwingine kabisa. Samaki huyu hakuwa wa hapa. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miongo michache akawa mboga ya ziwa zima. Anazaa kabla hajamaliza mwaka wa kwanza. Mpumzishe miezi miwili tu wakati wa kuzaliana, wavuvi wanaona tofauti msimu huohuo. Ndiyo maana upande wa Rwanda uvuvi husimamishwa kila mwaka. Hata baharini, ambako samaki ni wakubwa na wanakua polepole zaidi, Cabo Pulmo huko Mexico ilitangazwa hifadhi mwaka 1995, wanakijiji wakaacha kabisa kuvua ndani yake, na kati ya 1999 na 2009 uzito wa samaki kwenye miamba yake uliongezeka zaidi ya mara nne.

Kwa hiyo anayetaka kuona matunda kabla mtoto wake hajamaliza shule ya msingi, maji yanamlipa mapema. Nawaachia vijana wa ziwa pointi hii, wameishinda kihalali.

Naongeza onyo moja tu. Kufunga eneo kunazuia wavu, hakuzuii joto. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto kali, na matumbawe yakafa kwa wingi kuanzia pwani ya Kenya hadi Shelisheli na Maldives, ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi bila kuchagua. Msitu nao unaumizwa na hali ya hewa, lakini mti hukupa miaka ya kuona ukiugua. Tumbawe hupauka kwa wiki chache.

Kinachoonekana na kilichofunikwa

Msitu ukikatwa, kila mtu anaona. Mlima unabaki na upara, na mwaka unaofuata mtu aliyetoka Kinshasa kwa likizo anauliza miti iko wapi. Maji yanafunika madhara yake. Uso wa Kivu asubuhi ni uleule wa miaka yote, rangi ya samawati, na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu inarudi huku watu wake wanaimba. Ukiangalia kutoka Muhumba utasema hakuna tatizo.

Nenda basi Beach Muhanzi saa kumi na mbili asubuhi, usimame karibu na beseni. Juu mama ameweka sambaza wa kupendeza, urefu wa kidole cha kati, wanang'aa kama karatasi ya sigara. Ingiza mkono chini. Vinakuja vitu vyepesi, laini kama uji uliopoa, urefu wa kucha. Miili yao inapenya mwanga kama kioo. Kinachoonekana ni macho, vidoti viwili vyeusi, mamia ya vidoti viwili viwili. Hao hawakunaswa na wavu wa sambaza. Wamenaswa na chandarua cha mbu kilichokokotwa ufukoni, mahali ambapo watoto wa samaki hujificha. Kikombe kimoja cha vile vidogo kina samaki ambao wangejaza beseni zima kama wangeachwa miezi michache. Mama anayeuza anajua, na ana watoto sita nyumbani; sikumwona kuwa adui.

Kuna jambo moja kuhusu Kivu ambalo watu wengi wa mji huu hawalijui, na kwangu ndilo linalofanya ufuko uwe na thamani kuliko katikati ya ziwa. Ziwa lina kina cha karibu mita 480. Lakini oksijeni inashuka mita 60 hivi tu kutoka juu. Chini ya hapo ni methani na kaboni dioksaidi iliyoyeyuka, na hakuna samaki anayeishi humo. Basi ziwa hili kubwa ni kama chungu kirefu ambacho ni utando wa juu tu unaolika. Tena kingo zake zimeteremka ghafla, kwa hiyo maji ya kina kifupi, yale yenye majani na mawe ambako samaki wadogo wanakulia, ni ukanda mwembamba unaozunguka ziwa. Na ukanda huohuo ndipo tunapofulia, tunapotupa taka, tunapokokota vyandarua, na ndipo kila korongo la Bukavu linapomwaga tope.

Ardhi inamwaga, maji yanapokea

Hapa ndipo mizani yangu ilipoelemea, baada ya wiki mbili za kubadilika mawazo.

Chukua Ziwa Edward, kaskazini mwa Goma. Sehemu yake kubwa upande wetu imo ndani ya Virunga. Katikati ya miaka ya 1970 hifadhi hiyo ilikuwa na viboko karibu 30,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Kiboko analala majini mchana. Usiku anapanda nchi kavu, anakula majani kilo kwa makumi, na alfajiri anarudi kuyatoa majini kama samadi. Samadi inalisha mwani, mwani unalisha tilapia, tilapia inamlisha mtu wa Vitshumbi na Kyavinyonge. Kisha vikaja vita na bunduki, nyama na meno ya kiboko vikauzwa, na kufikia miaka ya 2000 viboko walikuwa chini ya 1,000. Mavuno ya samaki nayo yakaporomoka. Uvuvi haramu ulichangia, tena sana, lakini wavuvi wa huko wanajua pia kwamba mpishi wa ziwa aliuawa. Kulinda mnyama wa majini kulihitaji majani ya nchi kavu, na kulinda samaki kulihitaji kulinda mnyama.

Sogea karibu zaidi. Mei 2023 huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mvua ilinyesha, mito ikajaa, na mlima ukateremka. Watu zaidi ya 400 walizikwa, na maelfu hawakuonekana tena. Wengine walichukuliwa na ziwa. Wengi wetu tulikuwa na mtu huko. Mvua ilikuwa nzito kupita kawaida, ni kweli, lakini mteremko uliolimwa hadi kileleni bila mti haukuwa na cha kuushikilia. Tope lile lilishuka moja kwa moja kwenye ukanda ule mwembamba niliousema.

Na sasa hapa nyumbani. Baada ya mvua ya saa nane mchana simama juu ya mto Kawa unavyopita Kadutu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Katika dakika tano nilizohesabu zilipita ndala moja ya mtoto, chupa za plastiki zaidi ya arobaini, gunia la makala tupu, na mzizi wa mgomba wenye udongo wake mwekundu ukiyeyuka taratibu. Nilifuata kingo hadi chini. Pale Kawa inapoingia ziwani kuna doa la kahawia lililotanuka kama kanga iliyotandazwa, na pembeni mwake, palepale, vijana wawili walikuwa wanaosha pikipiki na mwanamke anachota maji.

Plastiki ile inatoka ziwani kwa mlango mmoja, Ruzizi, hapa hapa mjini, na mara nyingi inaziba bwawa la Ruzizi I lililojengwa miaka ya 1950. Zikiziba mashine, umeme unakatika, na umeme ukikatika mji mzima unarudi kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yaani makala, yaani msitu. Nadhani hakuna mduara unaotuhusu kuliko huu.

Kuhusu bahari, kwa vijana waliotaka Muanda

Hoja yenu siidharau. Bahari inafunika asilimia 71 ya uso wa dunia, na karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutoka humo. Na mna haki kusema maji yetu yanafika huko: Kivu inatoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, Tanganyika inatoka kwa Lukuga pale Kalemie, Lukuga inaingia Lualaba, inapita Kindu, inafika Kisangani ikiitwa Kongo, na mwishowe Banana, kwenye Atlantiki. Tone la Kadutu lina njia ya kwenda baharini. (Tone la Rutshuru linakwenda kwingine kabisa: Ziwa Edward, Semliki, Ziwa Albert, Naili, hadi Mediterania. Goma iko karibu sana na mgongo wa Afrika, pale maji yanapogawana njia.)

Lakini njia hiyo ina vituo. Tope letu kwa sehemu kubwa linazama Kivu na Tanganyika, ambayo ina kina cha mita 1,470. Tukiliacha, atakayeteseka kwanza si kasa wa Muanda. Ni mtu wa Kadutu, Kamanyola na Uvira.

Hifadhi ya Mikoko ya Muanda ni ya thamani. Iliundwa mwaka 1992, ina hekta 76,800, ndiyo hifadhi pekee ya baharini katika nchi yenye pwani ya kilomita 40 hivi tu, na humo mnaishi nguva na kasa. Mnajua tishio lake kubwa mojawapo ni nini? Mikoko inakatwa kwa makala na kwa kukaushia samaki. Adui ni yuleyule wa Kahuzi: jiko. Kwa hiyo anayebuni namna ya kupika kwa makala nusu hapa Bukavu, anabuni kitu ambacho mama wa Muanda anaweza kukitumia kesho. Huo ni mchango bora kuliko dola zetu chache, ambazo zingeliwa na gharama ya kuzituma.

Kwa hiyo uchague nini

Kama unaishi pwani, mbele ya mwamba au mikoko, na wavuvi wa kijiji chako wanaweza kukaa mkeka mmoja, anza na maji. Kipande kidogo, kilichofungwa kwa makubaliano, na muda maalumu ili watu waone matokeo. Bila wavuvi usianze kabisa.

Kama uko Vitshumbi au Idjwi, anza na vyandarua na mahali samaki wanapozalia. Ukanda wa kina kifupi ni wenu, na hakuna mtu wa mjini atakayewalindia.

Kama uko pembezoni mwa hifadhi ya msitu, Miti, Mudaka au Kibumba, usianze na miche. Anza kwa kuuliza Batwa na wakulima wa hapo wanahitaji nini ili wasiingie msituni. Goma wamejaribu njia ya umeme: kituo cha Matebe huko Rutshuru, cha megawati 13 hivi, kilizinduliwa mwaka 2015 kwa maji ya mto Rutshuru, kwa wazo kwamba nyumba yenye umeme itachoma makala kidogo. Hakijamaliza makala, lakini kimeonyesha kwamba ulinzi wa msitu unaweza kuanzia jikoni.

Na kama uko kwenye mteremko juu ya maji, kama sisi, chagua ardhi, lakini ardhi ile inayomwagikia maji. Si Kahuzi, ambako hatuna usemi na tungechangia ulinzi bila kujua nani anaumia. Si katikati ya ziwa, ambako kazi yetu ingepotea kwa jirani. Ni korongo. Kusafisha ufuko bila kuziba korongo ni kupiga deki huku bomba limepasuka. Mvua moja ya Oktoba inarudisha taka zote, nimeona vikundi viwili vikichoka namna hiyo.

Pendekezo langu kwa Jumapili ni hili. Tuchukue korongo linaloshuka nyuma ya avenyu yetu hadi Kawa, mita kama mia na hamsini. Tulipande mianzi chini na matete kwenye ngazi za juu, kwa kuwa matete yanashika udongo upesi na wenye mbuzi watayakata bila kuyang'oa. Mikaratusi tusiilete karibu na maji. Tuweke vizuizi vitatu vya mawe na magunia ya mchanga, na mbele ya kile cha chini wavu wa chuma wa kunasa plastiki, na watu wawili wa zamu kuusafisha kila baada ya mvua. Pesa inayobaki inunue udongo wa mfinyanzi na mabati chakavu kwa majiko bora kumi; mama watatu wa kikundi wanajua kuyafinyanga, na wapewe wale wanaotumia gunia zima kwa mwezi.

Sambaza hawatatuona. Lakini tope litakalobaki nyuma ya kizuizi cha kwanza tutaweza kulipima kwa beleshi, na doa la kahawia pale chini tutaweza kulipiga picha kila mvua, kutoka kwenye jiwe lilelile, tulinganishe. Mvua zinaanza Septemba, na mianzi inataka wiki tatu ardhini kabla haijapigwa na maji mengi. Mashimo yanatakiwa yawe yamechimbwa katikati ya Agosti. Nina machepe mawili. Anayeweza kuleta sururu aniambie.